Pikipiki Mpya Ikianza Kusumbua: Jinsi ya Kuidai Waranti Yako

Pikipiki iliyotembea kilomita elfu mbili haitakiwi kutoa moshi. Haitakiwi kula oili, wala kukuzimikia kwenye mataa ya Buguruni saa moja asubuhi ukiwa na abiria anayewahi kazini, wala kuunguza balbu kila wiki. Ikikufanyia hivyo na waranti bado ipo, muuzaji ana deni lako, na deni hilo lina tarehe ya kufa. Wanaolikosa ni wengi, na wengi wao walilipoteza zamani, katika wiki za mwanzo, pikipiki ikiwa bado inanukia rangi. Fundi wa kijiweni alifungua injini kwanza, risiti ya sevisi haikuchukuliwa, waya wa spidi mita ulikatika ukaachwa hivyo hivyo. Siku ubovu ulipojitokeza, wakala hakuhitaji hata kubishana.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua pikipiki ya kazi, cc 100 hadi 150, iwe Boxer, TVS, Honda au Haojue, pikipiki ambayo ikilala gereji siku tatu nyumbani kunajulikana. Mifano mingi ni ya Tanzania. Msomaji wa Kenya ana aya yake huko mbele. Ninalotaka ulishike ni moja: waranti hudaiwa kwa karatasi, na karatasi hizo huanza kukusanywa siku ya kwanza, pikipiki ikiwa nzima.

Soma kabla hujalipa

Waranti huandikwa kwa vipimo viwili, muda na umbali, na kinachotangulia kufika ndicho kinachoifunga. Hapo ndipo dereva wa bodaboda anapopunjika bila kujua. Tuseme kitabu kinasema mwaka mmoja au kilomita 12,000. Mtu wa kwenda ofisini na kurudi ataufaidi mwaka wake wote. Wewe unayezunguka kilomita 100 kwa siku utafika 12,000 ndani ya miezi minne, na ukienda kulalamika mwezi wa sita utaambiwa waranti imekwisha, na ni kweli imekwisha. Ihesabu waranti yako kwa kilomita, kalenda iache.

Mwombe muuzaji kitabu cha waranti ukisome pale pale kaunta kabla hujatoa hela. Akikuambia utakikuta ndani ya boksi, subiri boksi lifunguliwe. Angalia kwanza kama waranti inaitambua kazi ya kubeba abiria, kwa sababu zipo zinazoitoa kabisa pikipiki ya biashara au kuipunguzia muda. Angalia gereji zinazotambuliwa ziko wapi. Kama gereji pekee iko Dar es Salaam na wewe unaishi Mpanda, gharama ya kuisafirisha pikipiki itaimeza nafuu yote. Muulize pia kuhusu sevisi za bure: mara nyingi bure hiyo ni ya ufundi tu, oili na chujio unanunua mwenyewe, na ukiruka moja kati ya hizo sevisi waranti nzima inaweza kukataliwa.

Vitu vinavyolika kwa matumizi havimo: brekishu, mipira, balbu, plagi, nyaya za klachi na breki, mara nyingi cheni na sahani za klachi pia. Betri huwa na waranti yake fupi, na mipira huwa ni ya kampuni ya mipira. Usikasirike kwa hilo, ni kawaida duniani kote, ila usilimeze jumla jumla. Nitaeleza baadaye kwa nini kitu kisichokuwemo mara nyingine ndicho kinachokuonyesha kilichomo.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni jina. Anayedai waranti ni mwenye jina kwenye risiti na kitabu. Kama unaendesha pikipiki ya mkataba, ile ya kupeleka hesabu kila siku mpaka iwe yako, jina hilo ni la bosi, au la kampuni ya mkopo. Basi mwombe bosi akuandikie karatasi fupi yenye sahihi inayosema kwamba wewe fulani unaruhusiwa kuipeleka pikipiki sevisi na kuwasilisha madai ya waranti kwa niaba yake. Iombe siku mnayosaini mkataba. Siku injini imenoki hatapokea simu.

Na usiichanganye waranti na bima. Bima ya mtu wa tatu unayokatia pikipiki hailipi pistoni iliyochubuka. Hata bima kubwa hulipa ajali na wizi, ubovu wa kiwandani si kazi yake.

Siku ya kuichukua

Pikipiki nyingi hazifiki kwetu zikiwa zimesimama kwa magurudumu. Zinakuja kwenye maboksi, usukani kando, gurudumu la mbele kando, betri kavu, na vijana wa duka au wa karakana ya mwagizaji ndio wanaoziunga. Kijana anayeunga pikipiki kumi kwa siku anaweza kuisahau nati. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ubovu wa wiki ya kwanza si ubovu wa kiwanda: usukani unaogonga, gurudumu linalocheza, breki inayolia, taa zinazokatika ukipita tuta. Huo ni uungaji, na unarekebishika bure ukiusema mapema.

Usiichukue pikipiki jioni duka likiwa linafungwa. Nenda asubuhi, na nenda na mtu anayezijua. Linganisheni namba ya injini na namba ya chasisi zilizochongwa kwenye chuma na zile za kwenye risiti na kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kosa la tarakimu moja litatumika kukukatalia dai lako la kwanza, achilia mbali usumbufu utakaoupata TRA. Isimamisheni kwenye stendi kubwa mzungushe gurudumu la nyuma polepole huku mkiitazama cheni. Ikikaza sehemu moja na kulegea nyingine, sproketi haikukaa sawa. Shikeni uma wa mbele msukume na kuvuta; mkisikia kugonga, beringi za usukani hazijakazwa. Pimeni oili. Piga kiki injini ikiwa ya baridi, usikubali kukuta wameshaiwasha kabla hujafika, kwa sababu inavyowaka ikiwa imelala ndiyo habari yenyewe.

Muulize anayekukabidhi kama betri ilichajiwa ilipotiwa maji ya asidi. Betri kavu ikijazwa asidi na kufungwa moja kwa moja bila kupewa chaji ya kwanza ya taratibu hupoteza sehemu ya uwezo wake na haiurudishi tena. Miezi mitatu baadaye stata itakuwa inalia bila kuzungusha na wewe utalaumu kiwanda.

Kisha piga picha: spidi mita ikionyesha kilomita, namba ya chasisi, namba ya injini, pikipiki pande zote mbili, ukurasa wa waranti uliogongwa muhuri na tarehe. Jitumie picha hizo kwa WhatsApp au barua pepe ili simu ikipotea zibaki. Karatasi zenyewe ziweke nyumbani. Chini ya kiti zitalowa mvua ya kwanza tu.

Kilomita elfu moja za mwanzo

Injini mpya hulelewa. Ringi za pistoni bado hazijakaa vizuri kwenye ukuta wa silinda, na zikikaa vibaya hazirekebishiki kwa kubadilisha oili. Kulea hakumaanishi kwenda kinyonge muda wote. Epuka resi za mwisho, epuka mwendo mmoja usiobadilika kwa masafa marefu, usiikamue na gia kubwa kwenye mlima wa kupanda Lushoto, na usiifululize bila kuipumzisha. Mshikaki usiubebe kabisa. Nalisema hili nikijua hali ilivyo kijiweni, abiria wawili wanakuita na hesabu ya elfu saba au elfu kumi inakusubiri jioni. Lakini kitabu cha pikipiki kina uzito wa mwisho ulioandikwa, spoku zilizolegea na shokapu zilizovuja husema ukweli wako mbele ya fundi wa wakala, na hayo mawili ndiyo mambo ya kwanza anayoyatazama.

Sevisi ya kwanza huja mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000 kutegemea kitabu chako. Ndiyo muhimu kuliko zote zitakazofuata. Oili ya kwanza hubeba unga wa chuma uliotoka kwenye vyuma vinavyozoeana, na ikiachwa inazunguka nao. Tapeti nazo zinahitaji kupimwa upya, kwa kuwa valvu zikishajikalisha nafasi yake hupungua. Nafasi ikiisha, valvu haifungi sawasawa injini ikipata moto, nguvu inapotea, na ukiendelea hivyo valvu huungua. Fundi wa wakala akikuambia tapeti za pikipiki mpya hazina haja ya kuguswa, mwonyeshe ukurasa wa kitabu. Ukishafanyiwa, usiondoke bila muhuri, kilomita na tarehe kwenye kuponi ya sevisi, pamoja na risiti ya oili.

Kuhusu oili yenyewe, kopo liwe na maandishi JASO MA au MA2. Injini, klachi na giaboksi ya pikipiki hizi zinatumia oili moja. Oili nyingi za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, vizuri kwa gari, lakini klachi yako inahitaji msuguano ili ishike. Ukiweka oili ya gari klachi itateleza, na ukienda kudai, harufu na kopo vitakushtaki. Unene wa oili, kama 20W-50 au 10W-30, ufuate kitabu, rafiki yako wa kijiweni ana pikipiki nyingine.

Mafuta nayo ni kisingizio kikubwa cha kukataa waranti. Tangu mwaka 2010 mafuta ya Tanzania huwekwa vinasaba ili uchakachuaji ugundulike, lakini petroli ya kwenye chupa za barabarani hakuna anayejua ilipopita. Jaza kituoni, na katika miezi ya waranti hifadhi risiti, angalau moja kwa wiki. Fundi akisema kabureta imeharibiwa na mafuta machafu, mwekee risiti mezani.

Usiifungie chochote

Hapa najua nitawaudhi vijana. Redio, taa za rangi, honi ya lori, chaja ya simu, alamu: kila kimoja kinahitaji waya, na anayekufungia ataukata waya wa kiwandani na kuuunga kwa selotepu. Kuanzia hapo tatizo lolote la umeme ni lako. Subiri waranti iishe, au kafungiwe kwa wakala na upewe risiti.

Weldingi ni mbaya zaidi. Kuongeza keria ya mizigo au chuma cha kukinga miguu kwa kuunganishia kwenye chasisi kunaua waranti ya chasisi siku hiyo hiyo, na umeme wa weldingi ukipita huku betri haijafunguliwa unaweza kuua regulata na CDI. Keria za kufunga kwa nati zipo, tumia hizo.

Kuna kitu kimoja ambacho wewe hukufunga lakini utalaumiwa nacho, kifaa cha kufuatilia pikipiki kinachowekwa na kampuni ya mkopo. Kinakula umeme usiku kucha pikipiki ikiwa imezimwa, na kikifungwa vibaya kinaimaliza betri. Kampuni ikikifunga, iandike kwamba imekifunga yenyewe, tarehe gani, na kwamba muuzaji amearifiwa. Ni haki yako kuuliza hilo kabla ya kusaini mkopo.

Ubovu ukijitokeza

Usiguse. Usimwite mtu aguse. Chukua simu urekodi video ya ubovu wenyewe, uanze na spidi mita ili kilomita zionekane. Kama tatizo ni la asubuhi, rekodi asubuhi. Kama ni moshi, mwache mtu mwingine avute resi wewe ukirekodi ekzosi. Ubovu una tabia ya kujificha ukifika gereji, na fundi ambaye hajauona hataandika kitu. Kisha andika kwenye daftari tarehe, kilomita, pikipiki ilikuwa ya moto au ya baridi, ilibeba nini, ilikuwa mlima au tambarare, na mara ya mwisho uliweka mafuta wapi. Mistari mitatu inatosha.

Rangi ya moshi itakuambia mengi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ama imepita kwenye ringi ama kwenye sili za valvu. Ukitoka tu unapowasha asubuhi kisha ukakoma, washuku sili za valvu. Ukitoka kila ukivuta resi, ringi. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na hapo tatizo ni kabureta au chujio la hewa. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi ya baridi kule Njombe ni mvuke tu, achana nao.

Kula oili ndilo dai linalobishaniwa kuliko yote, kwa sababu wakala atasema kila injini hula kidogo. Ni kweli, kila injini hula kidogo. Basi usibishane kwa maneno, omba kipimo. Oili ijazwe na fundi wao hadi alama ya juu mbele yako, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, injini imepata moto kisha imepumzishwa dakika chache. Kilomita ziandikwe kwenye kadi. Tembea kilomita 500, rudi, ipimwe kwa namna ile ile, na kiasi cha kurudisha alama ya juu kipimwe kwa kikombe chenye mistari. Hapo mna namba, na kitabu cha mtengenezaji kina kiwango chake. Dereva anayerudi akiwa na namba husikilizwa kuliko anayerudi akipiga kelele, hata kama mwenye kelele ndiye aliyeumizwa zaidi.

Pikipiki inayozimika ikipata moto na kuwaka ikipoa huwatesa mafundi. Kabla hujaipeleka, jaribu jambo moja lisilohitaji spana: ikizima, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba na mafuta hayakuwa yakishuka. Kama haiwaki, tatizo liko kwingine, na wenye hatia wa kawaida ni koili au CDI inayochoka ikipata moto, au zile tapeti zilizokaza nilizozitaja. Mweleze fundi kwamba ulifungua mfuniko na haikusaidia. Utakuwa umempunguzia kazi na umemwonyesha kwamba hukurupuki.

Sasa nirudi kwenye vitu vinavyolika. Balbu haimo kwenye waranti, hilo tumekubaliana. Lakini balbu ya tatu kuungua ndani ya mwezi si habari ya balbu. Mwombe fundi apime umeme kwenye betri. Pikipiki ikiwa imezimwa na betri imejaa, mita isome karibu volti 12.6, ikiwa inanguruma kwa resi ya kati, iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, regulata imekufa, ndiyo inayounguza balbu na kuchemsha betri, na regulata imo kwenye waranti. Sahani za klachi nazo hazimo, lakini zikiisha kwenye kilomita 3,000 kwa mtu anayetumia oili sahihi, kuna kilichozila, pengine waya wa klachi ulifungwa bila nafasi tangu dukani. Cheni inayochakaa upande mmoja inaonyesha magurudumu hayako kwenye mstari mmoja. Mpira unaolika upande mmoja unaweza kuwa unasema chasisi imepinda. Kila mara wakala akikuambia kitu hicho hakimo, usiondoke. Muulize kwa upole, "Fundi, na kilichokiharibu ni nini?" Swali hilo limeokoa injini nyingi kuliko hasira.

Kwenye gereji ya wakala

Fika mapema, pikipiki imeoshwa. Pikipiki chafu haionyeshi oili inavujia wapi, na baadhi ya mafundi hulitumia tope kama ushahidi kwamba hukuitunza. Omba kadi ya kazi ifunguliwe kabla spana haijashikwa, na tatizo liandikwe kwa maneno yako: "inazimika baada ya mwendo wa nusu saa, inawaka ikipoa". Usikubali liandikwe "sevisi ya kawaida". Pikipiki ikirudi mara ya tatu kwa ubovu ule ule na kadi zote zinasema sevisi ya kawaida, kwenye karatasi huna tatizo lolote.

Wewe si fundi, hata kama ni fundi. Eleza dalili, usitaje dawa. Ukiingia ukisema "badilisheni kabureta", watabadilisha kabureta, ubovu utabaki, na wataandika kwamba walifanya ulichotaka. Waombe mwende nao mwendo wa kujaribu. Dereva wa gereji anayezunguka uani dakika mbili hawezi kuukuta ubovu wa nusu saa. Ukiichukua, hakikisha kadi inaonyesha tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kilomita na kilichobadilishwa. Omba uonyeshwe kipuri cha zamani. Kwenye waranti wana haki ya kubaki nacho, kwa kuwa mtengenezaji hukidai kabla ya kuwafidia, lakini kukiona na kukipiga picha hakumkeri mtu mwaminifu.

Kama pikipiki ni ya mkataba, mpigie bosi au mtumie ujumbe siku ile ile inapoingia gereji, ukiambatanisha picha ya kadi ya kazi. Hesabu za siku pikipiki iko kwa wakala ndizo zinazovunja mikataba mingi. Ubovu wa kiwandani hukuusababisha wewe, na ni halali kuomba siku hizo ziongezwe mwishoni mwa mkataba badala ya kulipwa sasa. Bosi mwelewa atakubali akiona karatasi. Lizungumzeni hilo mwanzoni na liandikwe, kwa sababu mikataba mingi ya mtaani hailigusi kabisa.

Na spidi mita ikiharibika, hata kama mengine yote yako sawa, ipeleke siku hiyo hiyo na upate kadi ya kazi. Pikipiki isiyohesabu kilomita haina waranti, maana hakuna wa kuthibitisha imetembea kiasi gani.

Wakala akikataa

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi neno "hapana" la mdomo hubadilika likitakiwa kuandikwa na kutiwa sahihi. Likibaki hapana, andika barua. Isiwe ndefu na isiwe na matusi:

"Kwa Meneja wa Huduma. Yah: Pikipiki namba MC …, chasisi namba …, niliyoinunua dukani kwenu tarehe …. Pikipiki hii imetembea kilomita 3,400. Imerudi gereji yenu mara tatu, tarehe …, … na …, kwa tatizo lile lile la kuzimika ikipata moto. Nakala za kadi za kazi, risiti za sevisi na video nimeziambatanisha. Tatizo bado lipo. Naomba litengenezwe chini ya waranti ndani ya siku saba, au nipewe sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Nakala: mwagizaji wa pikipiki hizi nchini."

Nakala hiyo ya mwisho ina uzito. Duka ulilonunulia huenda ni wakala mdogo asiye na mamlaka ya kukubali dai la injini. Mwagizaji ndiye anayezungumza na kiwanda. Peleka barua mbili, yako wagonge muhuri wa kupokelewa.

Sheria iko upande wako zaidi ya vile kaunta inavyokuonyesha. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, inayomtaka muuzaji wa biashara auze kitu chenye ubora unaofaa na kinachofanya kazi ambayo mnunuzi aliieleza. Ukimwambia muuzaji unanunua ya bodaboda, na risiti ikaandikwa hivyo, umejiwekea msingi. Ila sheria hiyo haiwapendi wanaokaa kimya: ukikaa na kitu muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba unakikataa, unahesabiwa umekikubali, na kinachobaki ni kudai fidia tu. Ndiyo sababu barua ya wiki ya pili ina nguvu kuliko ya mwezi wa tano. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Tume hiyo hiyo ndiyo inayopambana na bidhaa bandia, kwa hiyo ukigundua wakala alikufungia spea feki ndani ya waranti, peleka kwake. Kama barua inakushinda kuiandika, tafuta wasaidizi wa kisheria wilayani kwako, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kenya njia ni fupi zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Juu ya hayo ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Pikipiki inaingia humo bila taabu, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kadi za kazi, barua na video ndizo utakazobeba.

Kabla waranti haijafungwa

Ikibaki kama kilomita 500 waranti iishe, ipeleke pikipiki kwa wakala hata kama haina shida kubwa. Taja kila kitu kidogo ulichokuwa unakivumilia: gia ya tatu inayogoma asubuhi, unyevu wa oili kwenye gasketi, mlio wa cheni ya ndani ya injini, shokapu moja inayolowa. Kila kimoja kiandikwe kwenye kadi ya kazi na tarehe yake, maana kilichoandikwa kikiwa ndani ya waranti unaweza kukifuatilia hata ukirudi nje ya muda. Kama walishakubadilishia kipuri kikubwa, waulize kina muda gani. Mara nyingi hupewa muda uliobaki wa waranti ya kwanza tu, hakianzi upya, na kama wewe umeahidiwa vinginevyo, ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti kabla hujawasha pikipiki kuondoka.